Taarifa ni Sehemu ya Tiba: Saa za Kwanza Baada ya Kujifungua

Yapata miaka 20 iliyopita, nilipokuwa daktari kijana katika mafunzo ya vitendo, nilipewa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya wilaya. Nilipokea zamu saa mbili za usiku kutoka kwa mwenzangu aliyekuwa amechoka. Alinionyesha vitanda kwa kidole, na alipofika kitanda cha nne alisema, "Huyu amejifungua salama, mtoto wa kiume, damu kidogo tu." Nikaandika katika faili maneno mawili, hali nzuri, nikaenda chumba cha upasuaji ambako nilikuwa nikiitwa.

Mkunga aliyemzalisha mama yule alikuwa na habari nyingine. Kondo la nyuma lilichelewa kutoka, na lilipotoka halikuonekana kamili. Alikusudia kumwambia daktari, lakini zamu yake ilipokwisha aliondoka akiamini kwamba nimekwisha elezwa. Muuguzi wa usiku alipima mapigo ya moyo, akayaona yanakwenda mbio, akadhani ni uchovu wa uchungu. Mama mwenyewe alimwambia jirani yake wa kitanda cha tano kwamba anaona giza. Jirani akamwambia avumilie, kwani uzazi ndivyo ulivyo. Na mhudumu wa wodi, mama mtu mzima aliyekuwa akisafisha na kubadilisha matandiko, alikuwa amekwisha ondoa kanga ya tatu iliyolowa damu kitandani pale. Yeye hakuulizwa na mtu. Ilipofika saa tano ndiye aliyenifuata mlangoni mwa chumba cha upasuaji, akasema kwa unyenyekevu, "Daktari, unisamehe, mimi si mtaalamu. Lakini yule mama wa kitanda cha nne, kanga zake zimenishinda."

Mama yule aliishi. Lakini ili aishi ilitubidi tumtoe mfuko wa uzazi. Alikuwa na umri wa miaka 19, na mtoto yule wa kiume akawa wa kwanza na wa mwisho.

Tangu usiku ule nimejiuliza mara nyingi tulikosa nini. Hatukukosa elimu, wala hatukukosa dawa; dawa ilikuwamo kabatini. Habari zote zilizohitajika zilikuwapo ndani ya wodi ile, ila zilikuwa zimegawanyika katika vichwa vya watu wanne. Mkunga alijua habari za kondo, muuguzi alijua mapigo, mhudumu alijua kanga, na mama alijua kizunguzungu. Mimi, niliyekuwa na mamlaka ya kuamua, ndiye niliyejua machache kuliko wote.

Hoja ya makala haya ni moja. Taarifa baina ya wahudumu wa afya ni sehemu ya tiba yenyewe, wala si jambo la adabu njema tu au la kujaza makaratasi. Kama ilivyo dawa, taarifa yapasa ipimwe, itolewe kwa wakati wake, na kuthibitishwa kwamba imemfikia aliyekusudiwa. Na maadamu jambo hili linaweza kupimwa, basi ni jambo la kisayansi, na lafaa lifundishwe hata kwa wanafunzi wa shule za sekondari.

Hatari inayofuata furaha

Watu wengi hudhani kwamba hatari ya uzazi huisha mtoto anapolia. Sayansi ya mwili yatuambia vingine. Mwishoni mwa mimba, damu ya nusu lita au zaidi hupita katika mfuko wa uzazi kila dakika. Kondo linapobanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Kinachoizuia damu isimwagike ni misuli ya mfuko wenyewe. Nyuzi za misuli hiyo zimepishana na kuizunguka mishipa. Zinapojikaza, huibana kama kamba ibanavyo mdomo wa gunia. Misuli ikilegea, au kipande cha kondo kikibaki ndani na kuizuia isijikaze, damu huendelea kutoka, na mzazi aweza kupoteza uhai wake katika muda wa saa mbili au hata chini ya hapo. Kwa kawaida madaktari huhesabu kuwa damu imetoka kupita kiasi ikiwa imefika mililita 500 au zaidi katika saa 24 za kwanza. Duniani kote, hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya vifo vya wazazi. Zaidi ya hiyo, kifafa cha mimba chaweza kumpata mama baada ya kujifungua, na maambukizi yaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, wakati yuko nyumbani.

Jambo la kuangalia hapa ni kwamba mwili wa mwanamke kijana huficha upungufu wa damu. Damu inapopungua, mishipa hujibana na moyo huongeza mwendo, na kwa hiyo shinikizo la damu hudumu karibu na kawaida kwa muda, kisha huanguka ghafla. Mtu anayeangalia shinikizo peke yake ataridhika. Kwa sababu hiyo madaktari hugawa idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika kwa kipimo cha juu cha shinikizo la damu. Kwa mzazi mwenye mapigo 80 na shinikizo la 120, jawabu ni 0.67, na hali yake hairuhusu wasiwasi. Kwa mwenye mapigo 112 na shinikizo la 100, jawabu ni 1.12. Jawabu likifika 0.9 au kupita, ni onyo. Msomaji ataona kwamba shinikizo la 100, likitazamwa peke yake, halitishi. Na mapigo 112 yaweza kudhaniwa kuwa ya uchovu. Onyo huonekana pale tu namba hizi mbili zinapowekwa pamoja. Ikiwa namba moja iko kwa muuguzi na nyingine iko kwa daktari, basi onyo halipo mahali popote. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini haitoshi kila mtu kuona wingu lake peke yake.

Saa hiyo hiyo ndiyo saa ambayo macho ya watu huhama. Mtoto apimwe uzito, avikwe, anyonyeshwe. Ndugu wapelekewe habari. Kitanda cha kuzalia kisafishwe kwa ajili ya mwingine anayengoja. Hata karatasi yetu bora kuliko zote huacha kusema wakati huo. Mwaka 1972 madaktari wawili, Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walichapisha grafu ya kufuatilia uchungu wa uzazi. Grafu hiyo ilikuwa na mstari wa tahadhari, na kulia kwake, kwa umbali wa saa 4, mstari wa kuchukua hatua. Uzuri wake ulikuwa kwamba mkunga aliyeko katika kliniki ya mbali na daktari aliyeko hospitalini waliweza kutazama mstari mmoja na kufikia uamuzi mmoja bila kubishana. Shirika la Afya Duniani likaieneza patografu hiyo katika nchi nyingi, na mwaka 2020 likatoa mwongozo mpya wa kuchukua nafasi yake. Lakini mistari hiyo huishia mtoto anapozaliwa. Baada ya hapo, katika wodi nyingi, grafu huachia nafasi maneno kama yale niliyoyaandika mimi: hali nzuri.

Jinsi taarifa inavyopotea

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kwamba kila taarifa inapotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, sehemu 9 katika 10 hufika salama. Huo si upotevu mkubwa; wengi wetu tungejisifu kwa kukumbuka kiasi hicho. Sasa taarifa itoke kwa mkunga iende kwa muuguzi, kisha kwa daktari, kisha kwa anayesindikiza mgonjwa katika gari, kisha kwa mpokeaji katika hospitali ya rufaa. Hizo ni hatua nne. Mwanafunzi azidishe 0.9 kwa 0.9 mara nne, atapata 0.66 hivi. Theluthi moja ya habari imepotea njiani, wala hakuna hata mmoja aliyefanya uzembe.

Hesabu ya pili yahusu idadi ya watu. Watu wanne wana njia 6 za kuzungumza wawili wawili. Watu wanane wana njia 28. Watu wameongezeka mara mbili, lakini njia ambamo habari yaweza kupita, au kupotea, zimeongezeka zaidi ya mara nne. Twahitaji watumishi zaidi, na hilo sina shaka nalo. Walakini kuongeza watumishi bila kuweka utaratibu wa kupashana habari ni sawa na kuongeza mitungi pasipo kuziba nyufa.

Upotevu mwingine watokana na maneno yenyewe. Mwenzangu aliposema "damu kidogo" hakusema uongo. Alisema neno lisilo na kipimo. Kidogo kwa daktari aliyetoka kumpasua mgonjwa wa ajali si kidogo kwa mkunga, wala si kidogo kwa mama mwenyewe. Na imethibitika mara nyingi kwamba jicho la mwanadamu, hata la mtaalamu, hukadiria damu iliyomwagika kuwa chache kuliko ilivyo, hasa inapokuwa nyingi.

Upotevu wa tatu watokana na vyeo, nao ndio mgumu kuliko yote. Mfano wake maarufu hautoki hospitalini. Tarehe 27 Machi, 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana ardhini katika ukungu, na watu 583 wakafa. Ndege moja ilikuwa imeanza kukimbia ili iruke ilhali nyingine ilikuwa bado haijatoka njiani. Mhandisi aliyekuwa ndani ya ndege ya kwanza aliuliza kama ile nyingine imekwisha ondoka. Rubani mkuu, mtu mwenye heshima kubwa katika kampuni yake, akajibu kwa mkazo kwamba imeondoka, na mhandisi hakuendelea. Baada ya ajali ile wasafirishaji wa anga walifanya mambo mawili. Waliweka sheria kwamba neno la kuruka litumike tu wakati ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa, ili lisichanganywe na jingine. Na wakaanza kuwafundisha marubani wakuu kuwasikiliza wadogo wao, na wadogo kusema kwa uwazi hata mara ya pili.

Mhudumu wetu wa wodi alianza na neno "unisamehe". Jamii yetu imelelewa katika adabu, nami siiombi iiache. Lakini adabu isiyoruhusu mdogo kumwambia mkubwa kwamba mgonjwa anakufa imepoteza maana yake. Hatuna budi kuwafundisha wakubwa kwamba kuulizwa si kudharauliwa, na kuwafundisha wadogo kwamba kunyamaza si heshima.

Kipimo badala ya sifa

Msomaji aweza kuuliza kama yapo mambo yaliyothibitika kusaidia, au ni mawaidha tu. Yapo, na mawili kati yake yametokea hapa kwetu.

La kwanza ni la Kigoma. Watafiti waliokwenda huko waliona kwamba wanawake wanaojifungulia nyumbani hutandikiwa kanga. Wakapima, wakakuta kwamba kanga mbili za kipimo cha kawaida zikilowa, damu iliyopotea imefika mililita 500 hivi. Wakawafundisha wakunga wa jadi kwamba kanga ya pili ikilowa wasingoje tena. Wampe mama dawa ya misoprostoli, na damu isipokoma wampeleke hospitali. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2005. Mimi niliyasoma nikiwa na haya, kwa sababu mhudumu wetu alikuwa amekwisha kunipa kipimo hicho hicho, na kwa kanga tatu. Kanga ilikuwa chombo cha kisayansi. Kilichokosekana ni mapatano ya jinsi ya kuisoma.

La pili ni kubwa zaidi. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika nusu ya hospitali hizo, kila mzazi alitandikiwa mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia damu, mmoja wa mililita 300 na mwingine wa mililita 500. Damu ikifika 500, au ikifika 300 huku mapigo au dalili nyingine zikiwa si za kawaida, wahudumu walifanya mambo yote kwa mkupuo mmoja. Waliukanda mfuko wa uzazi, wakatoa dawa ya kuukaza, wakatoa asidi ya traneksamiki ya kuzuia damu isiendelee kutoka, wakatundika dripu, wakamchunguza mama kutafuta chanzo, na wakaita msaada wa ngazi ya juu ilipohitajika. Katika hospitali hizo wahudumu waliwatambua wanawake 93 katika kila 100 waliopoteza damu kupita kiasi. Katika hospitali zilizoendelea na desturi ya kukadiria kwa macho waliwatambua 51 tu. Madhara makubwa, yaani kupoteza lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa sababu hiyo, yalipungua kwa asilimia 60.

Dawa zilizotumika hazikuwa mpya. Zilizokuwa mpya ni namba iliyoonekana kwa wote, na mapatano ya awali kuhusu nini kifanyike namba hiyo ikifikiwa. Mkunga hakuhitaji kubembeleza ili aaminiwe, alionyesha mstari. Ndivyo Philpott na Castle walivyofanya kwa uchungu wa uzazi nusu karne kabla yake.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba tatizo letu ni upungufu wa watumishi, vitanda na damu ya kuongezea, na kwamba kuzungumzia mazungumzo ni kupoteza wakati. Sikatai upungufu huo, nimeufanyia kazi. Lakini muuguzi anayehudumia wazazi 20 peke yake ndiye anayehitaji zaidi ya wote karatasi inayompigia kelele ni yupi kati yao aangaliwe kwanza. Aidha, hali yenyewe imebadilika. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2015/16, wanawake 63 katika kila 100 nchini Tanzania walikuwa wamejifungulia katika vituo vya afya; katika ule wa 2022 walikuwa 81. Makadirio ya vifo vya wazazi katika chunguzi hizo yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila watoto hai 100,000 waliozaliwa. Haya ni maendeleo ya kujivunia. Maana yake ni kwamba mama wengi zaidi wamekwisha kufika mlangoni petu, na sehemu kubwa ya kazi iliyobaki imo ndani ya kuta zetu wenyewe.

Wengine watasema kwamba tumekwisha jaribu orodha na fomu, wala hazikusaidia. Hawa wana ushahidi. Katika jimbo la Uttar Pradesh nchini India ulifanyika utafiti mkubwa wa orodha ya uzazi salama ya Shirika la Afya Duniani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Wakunga walioelekezwa namna ya kuitumia walifuata taratibu nzuri zaidi kuliko wenzao, lakini vifo vya mama na watoto havikupungua. Hata hivyo mwaka 2009 orodha ya usalama wa upasuaji, iliyojaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, ilifuatiwa na kupungua kwa vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mimi naona funzo moja katika haya. Karatasi haimtibu mtu. Karatasi husaidia pale inapowafanya watu waseme kwa sauti, na pale ambapo baada ya kusema kuna dawa, mkono wenye ujuzi, na mtu mwenye ruhusa ya kutenda. Fomu inayojazwa mwisho wa zamu ili kumridhisha mkaguzi haina tofauti na maneno yangu mawili.

Tufanye nini

Napendekeza mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji mashine ngumu.

Kwanza, kila wodi ya wazazi iwe na grafu ya saa 24 za kwanza, yenye mistari ya onyo, ambamo damu, kujikaza kwa mfuko wa uzazi, joto, mapigo na shinikizo vinaandikwa mahali pamoja. Shirika la Afya Duniani limekwisha agiza kwamba mambo haya yaangaliwe mara kwa mara kuanzia saa ya kwanza, na kwamba shinikizo la damu lililo la kawaida lipimwe tena kabla ya saa 6 kupita. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari wa falsafa Uingereza, nilizisoma taarifa za uchunguzi wa siri wa vifo vya wazazi, uchunguzi ulioanza huko mwaka 1952. Taarifa ya 2007 ilipendekeza grafu ya namna hiyo katika kila hospitali, kwa kuwa ilionekana kwamba dalili mara nyingi huwa zimeandikwa, ila hakuna aliyezisoma pamoja. Kilichonivutia zaidi ni kwamba wachunguzi wale hawatafuti mwenye hatia wa kuadhibiwa. Hutafuta mahali habari ilipokatikia.

Pili, anayeita msaada aseme mambo manne kwa utaratibu: nini kinatokea sasa, nini kilitangulia, nadhani ni nini, na nataka kifanyike nini. Utaratibu huu ulianzia katika jeshi la majini la Marekani na baadaye ukaingia mahospitalini. Kwa Kiswahili waweza kuwa hivi: "Daktari, mama wa kitanda cha nne amepoteza mililita 600, mapigo 118, shinikizo 95. Alijifungua saa moja iliyopita, na kondo lilichelewa. Nadhani kipande kimebaki. Naomba uje sasa." Ni sentensi chache, zasemwa kwa nusu dakika, na hakuna anayeweza kuzisikia akaendelea kukaa.

Tatu, anayepokea arudie alichosikia. Daktari akiagiza dawa kwa simu, muuguzi airudie dawa na kipimo chake, na daktari aseme ndivyo. Akiisha kuitoa, aseme imetolewa saa ngapi. Mwanahisabati Claude Shannon, katika kazi yake ya 1948, alionyesha kwamba ujumbe unaopita katika njia yenye kelele waweza kulindwa kwa kuongezewa marudio yaliyopangwa vizuri. Wodi ya wazazi ni njia yenye kelele.

Nne, makabidhiano ya zamu yafanyike kando ya kitanda, na yafanyike kwa Kiswahili. Madaktari wetu hufundishwa kwa Kiingereza na mafaili huandikwa kwa Kiingereza, lakini wodi huzungumza Kiswahili. Makabidhiano yakifanyika kwa lugha ya faili, mhudumu na mama mwenyewe hugeuzwa viziwi, ingawa wao ndio wenye habari za kanga na za kizunguzungu. Siri za mgonjwa zisitajwe mbele ya majirani, hilo ni wajibu. Lakini mama aulizwe, "Wewe wajisikiaje, na kuna jambo ambalo hatujalisema?" Na anayesafisha aulizwe pia.

Tano, habari isikomee mlangoni. Mama anayepelekwa rufaa atanguliwe na simu yenye mambo manne niliyoyataja. Mpango wa m-mama, unaotumia namba 115 kuwatafutia wazazi usafiri wa dharura, umeonyesha kwamba simu yaweza kuifupisha barabara; basi na iwahishe habari pia. Na mama anayerudi kijijini arudishwe na barua kwa zahanati yake, kwa maana mwongozo wa sasa wataka aonwe angalau mara nne katika wiki sita: ndani ya saa 24, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Mganga wa zahanati asiyejua kilichotokea hospitali ataanza kubahatisha upya.

Kazi ya shule

Nawageukia walimu. Mambo haya yaweza kufundishwa darasani bila kugharimu fedha nyingi. Mwalimu wa baiolojia achukue maji yaliyotiwa rangi ya choya, amwage kiasi anachokijua yeye, tuseme mililita 300, juu ya kanga kuukuu, kisha kila mwanafunzi aandike makadirio yake kwa siri. Afanye hivyo tena kwa mililita 600 na 900. Mwalimu wa hesabu atafute wastani wa makadirio na kosa lake, na wanafunzi waone kama kosa lao linaongezeka kiasi kinapoongezeka. Mwalimu wa lugha naye achukue taarifa yenye namba tano, aipitishe kwa wanafunzi sita, mara ya kwanza kwa kunong'onezana tu, na mara ya pili kila mpokeaji akirudia alichosikia kabla ya kuipeleka mbele. Namba zilizofika salama zihesabiwe na kuandikwa ubaoni.

Kati ya wanafunzi hao watatoka wauguzi, wakunga, matabibu, madereva wa magari ya wagonjwa na wahudumu wa wodi. Wengine watakuwa baba na mama walioketi kando ya kitanda, wakiona jambo ambalo mtaalamu hajaliona. Wakiwa wamezoea tangu shuleni kusema kwa kipimo, kurudia walichosikia, na kumsikiliza aliye chini yao, hawatahitaji kufundishwa hayo usiku wa manane mbele ya mgonjwa.

Mhudumu yule amekwisha kustaafu. Miaka michache baadaye nilipomtembelea kumshukuru, aliniambia kwamba usiku ule alikuja mlangoni mara mbili kabla ya kubisha, na mara zote mbili alirudi nyuma kwa kuogopa kuwasumbua wakubwa. Nimekuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu wa chuo kikuu habari hiyo kila mwaka, kisha nawataka wahesabu, kwa kanuni za damu nilizozitaja hapo juu, mara mbili zile zilikuwa dakika ngapi, na dakika hizo zilikuwa damu kiasi gani.